Binti za Shalumu Walijenga Ukuta
Andiko: Nehemia 3:5, 12

Wiki hii nimekaa na Nehemia sura ya 3, ile orodha ya majina ambayo wengi wetu huiruka. Humo nimekuta wasichana kwenye mjengo! Shalumu, mkuu wa nusu ya Yerusalemu, alijenga sehemu yake ya ukuta pamoja na binti zake. Lakini mstari wa 5 unasema wakubwa wa Tekoa walikataa kazi. Mabwana wameandikwa kwa kukataa, wasichana kwa kujenga.

Hapa kwetu Lugulu, msichana akitaka kusomea uashi, umeme au kuchomelea vyuma, anaambiwa, "Hiyo ni kazi ya wanaume. Nani atakuoa?"

Mtazameni Fatuma Ahmed. Aliingia jeshini mwaka wa 1983. Mwaka wa 2018 akawa mwanamke wa kwanza Kenya kufikia cheo cha meja jenerali, na mwaka wa 2024 akakabidhiwa uongozi wa Jeshi la Anga. Hiyo ni miaka 41 ya kuvumilia. Basi dada, ukichekwa leo na mwiko mkononi, usiuweke chini. Aliyekupa kipawa anajua kazi yake.

Nanyi akina baba, Shalumu hakuwaachia binti zake ukuta peke yao, alisimama nao. Lipa karo. Mtetee mbele ya ndugu zako.

Wiki hii muulize binti yako anataka kujenga nini. Msikilize mpaka amalize, kisha ombeni pamoja.