Kula Vizuri Unguja bila Kugusa Nauli ya Kurudi

Unguja, kinachopandisha bei ya sahani mara nyingi si samaki, ni bahari unayoitazama ukiwa umeketi. Jodari aliyenadiwa asubuhi huweza kuliwa uswahilini kwa bei ya mwenyeji, na nduguye akaliwa ufukweni kwa bei ya watalii. Vidokezo hivi ni vya mlaji wa huyo wa kwanza.

1. Ipe bahari mgongo. Ukiwa Nungwi, Kendwa au Paje, toka mchangani uelekee kijijini, kule daladala zinakopita. Utakuta akina mama wanaopakua wali kwa maharage ya nazi, mchicha na changu wa kukaanga. Wateja wao ni mafundi, madereva na wafanyakazi wa hoteli unayolala. Waulize haohao, ila uliza kwa akili. Ukisema unatafuta mgahawa mzuri, utapelekwa wanakopelekwa wageni. Sema: "Kaka, wewe leo mchana utakula wapi?"

2. Fuata saa ya chakula. Hiki ndicho kidokezo ninachokithamini kuliko vyote, kwa sababu hapa kila chakula kina wakati wake, na kikiliwa wakati wake huwa kitamu na hakijalala. Asubuhi mapema ni supu na chapati, au maandazi na maharage. Mchana ni wali na pilau. Siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini, ndipo biriani inapopakuliwa kutoka sufuria iliyofunuliwa muda huohuo. Alasiri ni zamu ya urojo: rojo la ukakasi wa embe bichi au ndimu, ndani yake viazi, bajia, kachori na mishkaki, juu chatine ya nazi na chipsi za muhogo. Bakuli moja linakushikilia hadi usiku. Jua likizama, moshi wa mishkaki unakuonyesha njia. Anayeagiza biriani saa tatu za usiku asishangae akiletewa kiporo kilichopashwa moto.

3. Kula alichonacho mvuvi. Jambiani na Paje, maji yakikupwa sana siku za bamvua, akina mama huingia miambani kutafuta pweza. Siku hizo agiza pweza wa nazi. Bahari ikichafuka, samaki huadimika na bei hupanda. Kula maharage, kula kuku, subiri. Kambakochi waachie wenye fungate.

4. Forodhani nenda, lakini uliza bei kwanza. Bustani hii ya Mji Mkongwe hujaa meza za vyakula kila jioni, na ni raha kuitembelea. Mishkaki ya samaki na kamba iliyopangwa mezani hupashwa tu moto ukifika, kwa hiyo mimi ningechagua kinachotengenezwa machoni pako: ile pizza ya Zanzibar, unga uliotandazwa mwembamba, ukatiwa nyama, yai na kitunguu, ukakunjwa na kukaangwa. Shushia na juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Bei ikubaliwe kabla kitu hakijagusa moto, na ikubaliwe kwa shilingi.

5. Chagua mahali unapokiona chakula. Kwenye mgahawa wa Lukmaan, pale Mkunazini, jirani na kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, vyakula vimepangwa mbele yako na unaonyesha unachotaka. Watalii wanapajua, na wenyeji hawajapahama. Hiyo ndiyo dalili ninayoiamini. Orodha ya kurasa kumi yenye picha za tambi za Kiitaliano hainiambii chochote kuhusu mpishi.

6. Soma mstari wa mwisho wa menyu. Migahawa mingine huongeza kodi na ada ya huduma juu ya bei uliyoiona. Uliza kabla ya kuagiza.

7. Safari yako ikiangukia Ramadhani, panga upya siku yako. Mchana migahawa mingi ya mjini hufungwa, na kula hadharani ni kuwakosea heshima wenyeji. Kula ndani ya hoteli. Lakini adhana ya magharibi ikilia, mji unafunguka kwa tende, uji, sambusa, katlesi, mihogo ya nazi na tambi za sukari. Ukikaribishwa futari nyumbani kwa mtu, usikatae. Hakuna mgahawa kisiwani utakaokulisha vizuri kuliko hapo.