SOMO LA MICHEZO: FILBERT BAYI, MUKIMBIAJI ASIYENGOJA MUTU



Wazee wetu wanaukumbuka mwaka 1974 juu ya mupira na ngumi. Mwezi wa tatu Léopards walitwaa Kombe la Afrika kule Misri, na mwezi wa kumi Ali na Foreman walipigana Kinshasa. Lakini mwezi wa pili wa mwaka ule, kijana mumoja wa Tanzania, mwenye miaka 20 tu, alifanya jambo kubwa mbele ya dunia. Jina lake ni Filbert Bayi. Leo tumusome huyu, sababu maisha yake yanatuonyesha namna watu wanavyomupima mutu, na pahali kipimo chao kinapokosea.

1. Mbio za katikati
Kuna mbio fupi kama mita 100, na kuna mbio ndefu kama mita 10,000. Katikati yao kuna mita 800 na mita 1,500. Mutu wa mita 1,500 anazunguka kiwanja cha mita 400 mara tatu na robo tatu. Anapaswa kuwa na mwendo wa mbio fupi pamoja na pumzi ya mbio ndefu. Kwa hiyo wengi wanakimbia kwa hesabu: wanajificha nyuma ya mwenzao. Yule wa mbele anapasua upepo, yule wa nyuma anatunza nguvu, kisha anamupita mwishoni.

Bayi aliikataa desturi hiyo. Alizaliwa 1953 huko Karatu, kaskazini mwa Tanzania, inchi ya juu kama hii yetu. Munajua Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari. Pahali pa juu hewa ni nyembamba, na mwili unajifunza kutumia vizuri pumzi kidogo. Lakini hewa peke yake haitoshi. Ingetosha, sisi wote hapa tungekuwa mabingwa! Bayi alikuwa askari na alifanya mazoezi mengi. Mwaka 1973 kule Lagos, katika Michezo ya Afrika, alimushinda Kipchoge Keino wa Kenya, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1968.

2. Siku ya Christchurch
Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Commonwealth kule New Zealand, bunduki ililia na Bayi akatoka mbele mara moja. Alibaki mbele mpaka mwisho. John Walker, mwana wa inchi ile, alimukaribia sana lakini hakumufikia. Bayi alitumia dakika 3 na sekonde 32.16, Walker 3 na 32.52. Wote wawili walipita rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani (3 na 33.1) iliyokuwa tangu 1967.

Tufanye hesabu. Dakika 3 na sekonde 32.16 ni sekonde 212.16. Gawanya mita 1,500 kwa hiyo: ni mita 7 na kidogo kwa kila sekonde moja. Jaribuni kukimbia namna hiyo mita 100 tu, halafu mufikiri zile zinazobaki!

Tarehe 17 Mei 1975, Kingston, Jamaica, akachukua tena rekodi ya maili moja: dakika 3 na sekonde 51.0. Lakini mwezi wa nane Walker akaivunja kwa 3 na 49.4. Basi dunia nzima ikangojea wawili hawa wakutane Olimpiki ya Montreal, 1976.

3. Shindano ambalo halikuwako
Hawakukutana. Timu ya rugby ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, inchi ya apartheid, mwaka uleule wanafunzi wa Soweto walipopigwa risasi. Inchi za Afrika ziliomba New Zealand iondolewe Olimpiki. Wakuu wa Olimpiki walikataa, na inchi zaidi ya 20 hazikushindana, Tanzania mojawapo. Walker alishinda kwa 3 na 39.17.

Wengine wanasema: ona, hiyo ni sekonde 7 nyuma ya rekodi ya Bayi, basi Bayi angeshinda. Tuwe waangalifu. Mashindano ambayo hakuna anayevuta mwendo yanakwenda polepole, na Walker alikuwa na nguvu za mwisho. Hakuna anayejua. Tunachojua ni kwamba Bayi alikuwa na miaka 23, na uamuzi haukuwa wake. Wale waliokuwa wanafunzi hapa Kolwezi mwezi wa tano 1978 wanafahamu namna mambo ya wakubwa yanavyokata kazi ya kijana.

4. Moscow, 1980
Bayi alibadilisha mbio, akachukua mita 3,000 za kuruka vizuizi na maji. Alitangulia tena, akawaacha wote mbali. Lakini katika muzunguko wa mwisho Bronislaw Malinowski wa Polonia alimupita. Bayi akapata medali ya feza. Mwenzake Suleiman Nyambui alipata feza katika mita 5,000. Hizo ni medali za kwanza za Tanzania katika Olimpiki, na hata baada ya Paris 2024 hazijapata ya tatu.

5. Tujifunze nini?
Katika macho ya watu Bayi ni yule anayetangulia tu. Aliposhinda, walisema ni shujaa. Aliposhindwa Moscow, wengine walisema hana akili ya kungoja. Kumbe ni mutu yuleyule na mwendo uleule! Sifa na lawama zilitoka katika chungu kimoja. Tena watu wanahesabu medali ya zahabu tu, na yeye zahabu ya Olimpiki hana. Lakini rekodi yake ya mita 1,500 ilikaa zaidi ya miaka mitano, mpaka Sebastian Coe alipoivunja 1979. Kisha mbio zilipokwisha, Bayi alifungua masomo ya watoto kwao Tanzania, na kwa miaka mingi alikuwa katibu mukuu wa Kamati ya Olimpiki ya inchi yake. Kazi hiyo haipigiwi makofi kiwanjani.

Maswali
1. Mukimbiaji wa mbele anapoteza nini, na anapata nini?
2. Tafuta wastani wa sekonde za Bayi kwa kila muzunguko wa mita 400 kule Christchurch.
3. Je, ilikuwa haki wakimbiaji wabebe muzigo wa kupinga apartheid? Toa sababu mbili za kukubali na mbili za kukataa.