Jina na Gome: Maana ya 'Mwarobaini' na Ushahidi wa Tiba Yake

1.0 Utangulizi

Mti uitwao kitaalamu Azadirachta indica ulitoka Bara Hindi na Burma. Uliletwa katika upwa wa Afrika Mashariki, na leo hupandwa hata mbali na pwani, katika nyua za nyumba, shule na zahanati. Jina lake la Kihindi, nim, lenye asili ya neno nimba la Kisanskriti, halikuota mizizi katika Kiswahili. Wasemaji waliuita mwarobaini, au mkilifi. Makala hii inashughulikia jina la kwanza. Hoja yake ni kwamba jina hilo ni dai la kitabibu lililovaa umbo la nomino, na kwamba dai hilo husomwa ndani ya matokeo ya maabara hata pale ambapo matokeo yenyewe hayalisemi.

2.0 Muundo na maana ya jina

Majina mengi ya miti katika Kiswahili huundwa kwa kupachika kiambishi cha ngeli ya M-/MI- kwenye shina linalotaja tunda au zao: embe/mwembe, chungwa/mchungwa, karafuu/mkarafuu. Mwarobaini (wingi: miarobaini) una umbo hilohilo, ila shina lake ni idadi. Hakuna tunda liitwalo arobaini. Mahali pa zao pamekaliwa na hesabu, nayo huelezwa kuwa ni hesabu ya maradhi ambayo mti huu huyatibu.

Maradhi hayo arobaini hayana orodha moja inayokubaliwa, wala hilo si kosa la wasemaji. Arobaini ya Kiswahili, iliyotoka katika Kiarabu, mara nyingi haihesabu. Mama aliyejifungua hungoja arobaini yake itimie. Marehemu husomewa khitma ya arobaini. Siku za mwizi nazo ni arobaini. Katika mifano yote hii neno linataja ukomo na utimilifu. Kwa hiyo mwarobaini si mti wa maradhi arobaini, bali ni mti wa maradhi yote. Magazeti ya Tanzania yamelielewa jambo hili vizuri kuliko baadhi ya kamusi: yanapoandika juu ya 'mwarobaini wa foleni' au 'mwarobaini wa migogoro ya ardhi', yana maana ya suluhisho lisiloacha kitu.

Katika orodha za majina ya miti hupatikana pia mwarobaini kamili. Kimantiki idadi haihitaji kivumishi hicho. Kazi yake hudhihirika pale mti huu unapochanganywa na jamaa yake, Melia azedarach, unaofanana nao kwa majani na ambao matunda yake yana sumu. Mchumaji asiyetofautisha miti hiyo miwili hakosei sarufi tu.

3.0 Matumizi ya gome na ushahidi

Gome hubanduliwa, hukaushwa na kuchemshwa, na maji yake hunywewa kwa homa na kwa maumivu ya tumbo. Majani huogewa kwa maradhi ya ngozi, na vijiti hutumika kuwa miswaki. Uchungu wa dawa hii hulinganishwa na wa kwinini, na ulinganisho huo hubeba hoja ya kimyakimya: kilicho kichungu kama kwinini kitafanya kazi ya kwinini. Hoja hiyo haina msingi. Pelletier na Caventou walipoitenga kwinini mwaka 1820 kutoka katika gome la msinkona wa milima ya Andes, walichowapa matabibu ni kemikali inayoweza kupimwa kwa uzani, si uchungu.

Ushahidi juu ya mwarobaini upo, lakini haukai mahali ambapo jina linaelekeza. Ulio imara zaidi unahusu mbegu na wadudu: azadirachtini, iliyotengwa mwaka 1968, huwazuia wadudu wengi kula na kukua. Kuhusu malaria, gedunini na viambato vingine vya mti huu vimeonekana kuvidhuru vimelea katika vyombo vya maabara. Hatua hiyo ni ya mwanzo tu. Dutu nyingi huviua vimelea chomboni na kushindwa katika damu ya mgonjwa. Kuhusu gome lenyewe, utafiti mdogo uliofanywa India na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa dondoo lake, kwa kipimo cha miligramu 30 mara mbili kwa siku kwa siku 10, lilipunguza utoaji wa asidi ya tumbo kwa asilimia 77. Gome linalonywewa kwa homa, basi, lina ushahidi wa kitabibu ulio bora kidogo kwa vidonda vya tumbo. Mafuta ya mbegu nayo yana hatari: mwaka 1981 jarida la Lancet liliripoti watoto wa Malaysia waliodhurika vibaya baada ya kunyweshwa.

4.0 'Homa', 'malaria' na 'hutibu'

Matatizo mawili ya lugha huzidisha utata. La kwanza ni neno homa, linalotaja dalili na ugonjwa kwa pamoja. Utafiti wa istilahi za homa wilayani Bagamoyo, uliochapishwa mwaka 1996, ulionyesha kuwa wakazi waliiona homa ya malaria kuwa ni ugonjwa wa kawaida, ilhali degedege waliitenga na kuitafutia sababu na tiba nyingine. Mtafiti akiandika 'malaria' na msomaji akasoma 'homa', gome huwa limepewa maradhi ambayo halikupimwa kwayo. Kinyume chake ni kibaya zaidi: mtoto mwenye degedege hucheleweshwa kufika hospitali kwa sababu ugonjwa wake haukuitwa malaria.

La pili ni kitenzi. Kutibu ni kushughulikia ugonjwa. Kuponya ni kuumaliza. Katika vijitabu vya dawa za asili, hutibu husomwa kana kwamba ni huponya. Kiambishi hu- nacho hakitaji wakati wala nafsi, hivyo sentensi 'mwarobaini hutibu malaria' haina nani, lini, wala kiasi gani. Mfasiri wa matokeo ya maabara angeweza kuandika 'dondoo la gome lilizuia ukuaji wa vimelea katika chombo cha maabara'. Sentensi hiyo ni ndefu na haivutii wanunuzi, lakini njeo yake ni ya wakati uliopita, kiima chake ni dondoo, na mgonjwa hayumo.