Chakula cha Mwenye Kuuguza Mtoto Hospitalini



Mwezi huu twataka kujifunza jambo ambalo wengi hulidhania kuwa dogo, nalo si dogo: mwenye kuuguza mtoto hospitalini atakula nini, naye atakipata kwa fedha gani? Mtoto apelekwapo hospitali, jamaa hukutana na kuhesabu nauli, fedha ya dawa na fedha ya kitanda. Chakula cha mama hakihesabiwi. Hudhaniwa kwamba kitapatikana huko huko. Basi siku ya tano fedha ya dawa imekwisha kuliwa, au mama ameanza kushinda kwa chai tupu, naye huona haya kusema. Mwishowe huomba ruhusa kabla ya wakati, au huondoka bila ruhusa, na mtoto hajapona. Ugonjwa ukirudi, hurudi kwa nguvu kuliko kwanza. Kwa hiyo twasema tangu mwanzo: chakula cha mwenye kuuguza ni sehemu ya matibabu ya mtoto, nacho hakina budi kuhesabiwa pamoja na dawa.

Tena safari zetu ni ndefu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, hupokea watu watokao vijiji vya mbali sana. Hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, hupokea wagonjwa wa Kilimanjaro, Arusha, Manyara na Tanga. Mama aliyetoka Lushoto akalala Moshi hawezi kuletewa chungu kila jioni. Nayo magonjwa mengine hayaponi upesi: mtoto mwenye usaha katika mfupa huweza kutumia dawa kwa wiki nne hadi sita. Yafaa tujiandae kama watu wa safari.

1. Mama asijinyime.

Mama anyonyeshaye huhitaji karibu kalori 500 kila siku zaidi ya mahitaji yake ya kawaida. Maziwa hayakauki kwa njaa ya siku moja. Lakini mwili huyatengeneza kwa akiba yake wenyewe, na akiba hiyo ikipungua mama hudhoofika. Naye asiyenyonyesha hukesha, hubeba mtoto, husimama katika foleni ya dawa, na husikiliza maagizo ambayo asiyasahau. Mtu mwenye njaa hukosea hata saa ya dawa. Kwa hiyo mama ajinyimaye hampunguzii mtoto taabu, bali humwongezea.

2. Vitu vya kuchukua kutoka nyumbani.

Wale walishao wakimbizi hukadiria kwamba mtu mmoja hutoshelezwa kwa siku na nafaka gramu 400 hivi, maharage au kunde gramu 60, na mafuta gramu 25, pamoja na chumvi na vitu vichache vingine. Tukihesabu kwa siku 14, twapata unga kilo tano na nusu na kidogo zaidi, maharage karibu kilo moja, na mafuta kiasi cha theluthi moja ya lita au zaidi kidogo. Huo si mzigo wa kumshinda mtu apandaye basi, wala si vitu vigeni. Viko katika ghala zetu. Tuongeze dagaa wakavu, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni chakula cha kujenga mwili, tena huiva upesi na kuokoa mkaa. Tuongeze na karanga: gramu 50 tu humpa mama anyonyeshaye zaidi ya nusu ya zile kalori tulizozitaja.

Lakini mahindi na karanga zilizoota ukungu tusizichukue kamwe, hata kama zimechambuliwa na kuoshwa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafa kwa sababu ya sumu ya kuvu iliyokuwa katika mahindi. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

3. Kula bia.

Kabla ya kuwasha moto, tumwulize mwuguzi kama pana mahali pa kupikia, maana si kila hospitali huruhusu moto. Pakiwapo, mama asipike peke yake. Mama watatu wakila bia, mmoja akatoa unga, wa pili maharage, wa tatu mkaa na mboga, hupika chungu kimoja mahali pa vyungu vitatu, na mkaa hutumika mmoja. Tena mmoja akipika kwa zamu, wawili hubaki na watoto. Maharage yalowekwe usiku, maji yale yamwagwe, kisha yachemshwe mpaka yaive kabisa. Maharage mabichi-mabichi huleta kutapika na kuhara.

Pasipo mahali pa kupikia, mama ale vitu visivyohitaji moto: ndizi mbivu, parachichi, karanga za kukaanga, mayai yaliyochemshwa siku ile ile. Tena anunue kwa mama lishe mlo mmoja wa kushiba kila siku, kama kande, au ugali na maharage na mchicha, kuliko kununua maandazi na soda mara nne. Soda ni maji na sukari; huondoa fedha, na njaa hurudi baada ya muda mfupi.

4. Chakula cha mtoto ni cha mtoto.

Mtoto aliyedhoofika sana kwa utapiamlo huanzishiwa maziwa ya namna ya pekee, yaitwayo F-75, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Baadaye, hali ikitengemaa, huweza kupewa yale yenye nguvu zaidi, yaitwayo F-100. Maziwa hayo ni dawa. Mama asiyanywe kwa njaa, wala asiwagawie watoto wengine. Wala asimwongezee mtoto huyo ugali kwa siri kwa huruma. Katika siku za kwanza mwili wake hauwezi kustahimili chakula kingi, naye aweza kufa. Kadhalika mtoto asubiriye kupasuliwa asipewe kitu pasipo idhini. Na mama wa mtoto huyo ale mbali na macho yake, asimtamanishe.

5. Usafi.

Bei rahisi isitununulie kuhara. Tunawe mikono kwa sabuni kabla ya kupika na kabla ya kula, na baada ya kumsafisha mtoto. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila moto wala ubaridi wa kukihifadhi; kwa hiyo tupike kiasi cha kwisha. Kiporo kilichotunzwa vema kipashwe moto mpaka kitoe mvuke kote.

6. Wajibu wa baba na wa usharika.

Baba asidhani kwamba akiisha kutoa nauli amemaliza kazi. Yeye ndiye apasaye kuuliza, “Unga umebaki kiasi gani?” kabla mama hajalazimika kuomba. Chakula kikikaribia kwisha, mama asingoje mpaka kiishe; aende kwa afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, amweleze hali yake kwa wazi. Si aibu kusema kweli.

Na sisi wa usharika, twendapo kumtazama mgonjwa, tusiende na pole tupu. Kilo mbili za unga na kopo la dagaa ni pole iliyo nzito. Katika Injili ya Marko, mlango wa 5, twasoma kwamba Bwana alipokwisha kumfufua binti Yairo, aliagiza apewe chakula. Yeye aliyeweza kufufua hakuona kwamba kula ni jambo la kusahauliwa. Tunawezaje sisi kulisahau?

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:

1. Katika mtaa wetu, ni nani anayeuguza mtoto hospitalini sasa, na nani ajuaye chakula chake?

2. Je, twaweza kuweka akiba ya unga, maharage na dagaa kwa ajili ya safari za namna hii? Nani ataitunza isiingie ukungu?

3. Mama akirudi na mtoto kabla ya kupona, je, tumemwuliza kama ni njaa iliyomrudisha?