MIPIRA YA VYOMBO VYA MARINGI MAWILI: KUSHIKA BARABARA NA KUDUMU

Mvua za masika zinapokaribia, wananchi na wafanyakazi wa Serikali wanaotumia vespa na pikipiki hukagua breki na taa. Mpira aghalabu hukumbukwa baada ya kupasuka. Ilhali sehemu ya mpira inayogusa ardhi kwa wakati mmoja haizidi kiganja cha mkono, na viganja viwili hivyo ndivyo vinavyobeba breki, kona na roho za waliopanda. Somo hili linaeleza namna ya kuchagua mpira unaoshika barabara bila ya kumaliza mshahara.

Ieleweke kwanza kuwa kushika na kudumu ni mambo mawili yanayovutana. Utomvu wa mpira ukikaushwa tu hunata wakati wa joto na kukatika wakati wa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukipikwa pamoja na kiberiti huimarika, na tangu hapo viwanda vimekuwa vikitafuta kipimo cha kati. Mchanganyiko laini hujibana ndani ya vishimo vidogo vya lami, ukashika vizuri lakini ukalika upesi. Mchanganyiko mgumu hupita juu ya vishimo hivyo, ukadumu, lakini huteleza, hasa pale lami inapolowa. Masizi maalumu yanayotiwa ndani ndiyo yanayoupa mpira weusi wake na nguvu ya kustahamili msuguano. Kuanzia miaka ya 1990 silika nayo ilienea katika mipira ya magari, na baadaye ya pikipiki, kwa sababu husaidia kushika penye maji bila ya kulainisha mpira kupita kiasi. Ipo pia mipira yenye michanganyiko miwili: mgumu katikati, mahali pa safari za kunyoka, na laini pembeni, mahali pa kulalia kona.

Kwa hiyo anayenunua mpira mgumu kuliko yote kwa kusifiwa kuwa "haulki" hajaokoa fedha. Amehamisha gharama kutoka dukani kwenda barabarani. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo ya hatari zaidi, kwani maji machache huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyodondoka, lami ikawa kama imepakwa sabuni. Hapo mpira mgumu hauna msaada, hata kama mikato yake ingali mirefu.

Sura ya mikato nayo ichaguliwe kwa njia inayopitwa kila siku, si kwa kupendeza macho. Mipira yenye meno makubwa yaliyoachana, ambayo vijana wengi huipenda, imetengenezwa kwa matope na mchanga. Juu ya lami meno hayo hugusa kidogo, hutikisika na huisha mapema. Anayekwenda kazini kwa lami tupu anafaa mpira wenye mikato ya kina ya kutolea maji na sehemu kubwa ya kugusa. Anayetoka vijiji vya mashariki ya Unguja, akapita maweni na kifusi kabla ya kufika lami, anahitaji mikato ya wastani na ubavu imara, maana mawe ya matumbawe hukata. Kisiwani Pemba, penye vilima na kona nyingi, kushika pembeni kupewe uzito kuliko kudumu.

Jambo ambalo wengi hawalitilii maanani ni kuwa umri wa mpira hupotea zaidi kwa upepo mdogo kuliko kwa ulaini. Mpira wenye upepo pungufu hujikunja kila unapozunguka, hupata joto, hulika pembeni na nyuzi zake huchoka. Ukijazwa kupita kiasi hulika katikati na hushika kidogo. Vespa huumia zaidi: ringi lake la inchi 10 huzunguka zaidi ya mara 700 katika kilomita moja, ilhali ringi la pikipiki la inchi 17 huzunguka kiasi cha mara 550. Upepo upimwe asubuhi mpira ukiwa baridi, angalau mara moja kwa wiki, kwa kipimo na si kwa kupiga teke. Kiasi sahihi kimeandikwa katika kitabu cha chombo, na huongezeka kwa mpira wa nyuma anapopakiwa mtu wa pili au mzigo. Mwenye kufuata hayo anaweza kununua mpira laini kidogo na bado ukamtosha kwa muda mrefu.

Mpira wa nyuma huisha mwanzo kwa kuwa ndio unaosukuma na kubeba. Kutokana na hilo imezoeleka kubadilisha wa nyuma pekee na kuuacha wa mbele uzeeke. Mazoea hayo si mazuri. Breki inapokamatwa uzito huhamia mbele, na mpira wa mbele ukiteleza mwendeshaji huwa chini kabla hajafahamu.

Dukani, ubavu wa mpira usomwe. Maandishi 3.00-17 yana maana ya upana wa inchi 3 kwa ringi la inchi 17. Namba 50 ikifuatiwa na herufi P ni uzito usiozidi kilo 190 na mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Namba nne za mwisho kwenye mstari wa DOT ni tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliokaa miaka mingi, hasa ulioning'inizwa juani, hukakamaa na kupasuka nyufa ndogo ijapokuwa haujawahi kutembea. Bei yake ya chini isimshawishi mnunuzi. Mshale wa ubavuni uelekee upande wa mzunguko, na fundi aambiwe hivyo kabla ya kufunga. Palipoandikwa TWI pana vinundu ndani ya mikato. Mikato ikilingana navyo, mpira umekwisha.

Mpira mpya huwa na utelezi wa kiwandani juu yake. Katika kilomita 150 za mwanzo mwendeshaji aende polepole, asilalie kona sana wala asikamate breki kwa ghafla.