Kumimina Resini Gereji: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Lori likikwama Tunduma kwa kukosa kishikio cha mlango au kava la swichi, dereva hana subira ya kungoja spea kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900. Hapo resini ya poliyurethani inapata kazi. Unatengeneza kalibu ya silikoni kwa kutumia kifaa kizima, unachanganya vimiminika viwili, unamimina, na baada ya muda mfupi una kipande kigumu kinachofanana kabisa na cha kiwandani. Kufanana huko ndiko kunakonitia hofu. Jicho la mteja halioni mchanganyiko uliokosewa, na pua ya fundi hainusi mvuke unaomdhuru. Kwa hiyo haya ni masharti, na anayeyaona mazito abaki kwenye kuchomelea na kupiga rangi.

USIMIMINE KIFAA KINACHOBEBA ROHO ZA WATU. Sehemu ya breki, bushi ya usukani, kifungio cha trela, ngazi ya kupandia kebini, kibano cha mkanda: hapana, hata mteja akilia, hata akiongeza hela. Barabara hii ya Tunduma kwenda Dar es Salaam ina mteremko wa Senjele, ina Iwambi na Mbalizi, na kila mkazi wa huku anajua watu waliozikwa kwa sababu ya breki zilizokataa. Poliyurethani ngumu ikigongwa sana hupasuka bila kutoa dalili. Mimina vifuniko, vitufe vya swichi, fremu za dashibodi, nembo, vizibo vya matundu. Kila kipande kiwekee alama upande wa ndani ili fundi mwingine akikikuta ajue kuwa si cha kiwandani, na umwambie mteja hivyo hivyo kabla hajalipa.

USIWEKE KIPANDE HICHO KARIBU NA INJINI. Resini nyingi za kawaida huanza kulegea kati ya nyuzi joto 50 na 80. Kipande kilichokaa imara kwenye baridi ya Tunduma kinaweza kupinda juu ya dashibodi iliyoanikwa juani Chalinze. Uliza lori linakwenda wapi, kisha soma kwenye karatasi ya maelezo ya resini kiwango chake cha kuhimili joto.

LINDA RESINI NA UNYEVU KULIKO UNAVYOILINDA NA WEZI. Katika vimiminika viwili, kimoja ni isosianeti, na isosianeti ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dioksaidi. Gesi hiyo ndiyo inayotengeneza godoro la sponji pale inapotakiwa. Kwenye kifaa kigumu ni balaa: juu kinang'aa, ukikikata katikati unakuta vitundu kama vya andazi. Kwetu mvua huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili, na katika miezi hiyo hewa yenyewe ni adui. Fungua dumu, pima, funga papo hapo. Usiache mfuniko wazi eti unarudi sasa hivi. Ukiona utando au chembe nyeupe ndani ya dumu la isosianeti, usilitumie kwa kazi ya mteja.

Unyevu hauji na mvua peke yake. Kijiti cha kukorogea kina maji ndani yake, kikombe cha karatasi vilevile. Tumia fimbo ya chuma au ya plastiki na vikombe vya plastiki vilivyokauka kabisa. Ukitaka kuongeza unga wa talki ili kupunguza gharama, uukaushe kwanza kwenye oveni na uupoze ndani ya chombo kilichofungwa. Kalibu ya plasta inayoonekana kavu kwa nje bado ina maji tumboni: ianike siku kadhaa, ipake vanishi, vanishi ikauke, ndipo upake nta. Ukiruka nta, poliyurethani itashika plasta, mbao au chuma hadi uvunje kimojawapo. Silikoni ndiyo inayoachia vizuri, lakini nayo huchakaa. Kona zikianza kung'ang'ania kipande, mimina kalibu mpya mara moja.

USIMIMINE RESINI YA BARIDI. Juni na Julai dumu lililolala juu ya sakafu ya saruji huamka na kimiminika kizito. Viputo vya hewa vinakosa njia ya kutoka, na isosianeti yenyewe inaweza kuanza kuganda. Weka madumu yaliyofungwa ndani ya beseni la maji ya vuguvugu hadi yafike nyuzi 20 na kitu, kisha yafute yakauke kabla hujagusa mfuniko. Kalibu nayo ipate joto. Marufuku kuweka dumu juu ya jiko la mkaa: isosianeti ikipashwa moto hutoa mvuke mwingi zaidi, na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua kwa sumu yake mwenyewe.

PIMA KWA MIZANI. Wanunuzi wa dhahabu kule Saza na Mkwajuni hawakadirii kwa jicho, na fundi wa resini asikadirie. Mizani ndogo ya dijitali inatosha. Soma lebo kwa makini: uwiano wa uzito si uwiano wa ujazo, kwa kuwa isosianeti ni nzito kuliko mwenzake. Lebo ikisema 100 kwa 90 kwa uzito, nawe ukamimina kikombe kwa kikombe bila kuthibitisha, unacheza bahati nasibu na mali ya mtu. Isosianeti ikizidi kipande huwa kikavu na chepesi kuvunjika. Ikipungua kinabaki laini, kinanata, hata ukikianika wiki nzima.

Anayekosea zaidi hapa ni fundi aliyezoea resini ya faiba. Kule hadina ni kichocheo, asilimia 1 au 2 tu, na ukiongeza kidogo kazi inakauka upesi. Poliyurethani haiko hivyo. Vimiminika vyote viwili ndivyo vinavyogeuka kuwa plastiki yenyewe, kila kimoja kwa sehemu yake, na kinachozidi hakina mwenza wa kushikamana naye. USIONGEZE HADINA ILI IKAUKE HARAKA. Nalirudia kwa vijana wa faiba: usiongeze.

Koroga ukikwangua kuta na kitako cha kikombe, hamishia kwenye kikombe cha pili kilicho safi, koroga tena. Mabaki yasiyokorogeka kwenye kuta za kikombe cha kwanza ndiyo yanayoleta madoa laini kwenye kipande. Fanya hayo ukijua muda ulionao: resini za haraka hukupa dakika 2 au 3, na wingi mkubwa kwenye kikombe kimoja hujipasha joto na kuganda mapema zaidi. Simu iwe mbali. Mimina kwa uzi mwembamba kwenye kona ya chini kabisa ya kalibu, resini ipande yenyewe ikiisukuma hewa kuelekea matundu uliyoyaacha juu.

Wapo wanaobana viputo kwa tangi la shinikizo, na matokeo yake ni mazuri. Basi nunua tangi lililotengenezwa kwa kazi hiyo, lenye geji na valvu ya kupunguza shinikizo. Usiunganishe kompresa ya gereji na sufuria ya presha ya jikoni, wala na mtungi wa upepo uliong'olewa kwenye lori bovu. Kutu ya ndani huioni, na mfuniko ukiruka unaelekea usoni kwako.

SASA KIFUA. Mwili unaweza kuikataa isosianeti moja kwa moja. Fundi anaweza kufanya kazi miezi mingi bila tatizo, kisha siku moja anaanza kukohoa na kubanwa usiku, na tangu hapo kiasi kidogo mno kinatosha kumletea shambulio la pumu. Hali hiyo kwa kawaida haiondoki. Njia yake haipiti puani tu: hata ngozi iliyolowa inaweza kuianzisha. Kwa hiyo vaa glavu za nitrili, miwani, mikono mirefu, na barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kikaboni na vumbi. Kitambaa hakizuii mvuke, wala barakoa ya hospitali. Usingoje harufu ikuonye, kwa sababu ukiinusa tayari umepita kiwango salama. Fungua milango pande mbili na uweke feni inayovuta hewa kwenda nje, mbali na mama lishe na benchi la abiria. Kipande kisichokomaa usikisage kwa grinda, kwani vumbi lake bado lina dawa. Mtoto asiingie chumba hicho kabisa.

Resini ikidondokea ngozi, ifute upesi, paka mafuta ya kula, futa tena, kisha osha kwa sabuni na maji. Petroli na thina ni marufuku, maana zinaipitisha zaidi ndani.

USICHOME MABAKI. Moshi wa poliyurethani una gesi ya sianidi, jamaa ya ile ya mitambo ya kuchenjua dhahabu ambayo watu wa mkoa huu wanaijua na kuiogopa. Resini iliyobaki iache igande ndani ya kikombe chake, kisha itupe ikiwa ngumu. Usimwage majimaji yake mtaroni. Na dumu la isosianeti lililotiwa maji lisifungwe mfuniko: gesi hujaa, dumu hupasuka. Litoboe, lisipate nafasi ya kuuzwa sokoni likawekewa maji ya kunywa au mafuta ya alizeti.

Nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na udai karatasi ya usalama ya kila dumu. Resini iliyovushwa mpaka kutoka Nakonde ndani ya chupa ya soda, bila lebo wala tarehe, iache huko huko. Sajili gereji yako OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, kama sheria ya mwaka 2003 inavyotaka.

Wenye gereji, wafanyakazi wenu waandikisheni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kabla hawajashika dumu. Kijana akilalamika kifua kinambana jioni au usiku baada ya kumimina, msimpe dawa ya mafua. Mpelekeni hospitali akiwa na ile karatasi ya usalama mkononi, ili daktari ajue amevuta nini. Ikithibitika ni resini, apangiwe kazi nyingine mbali na chumba hicho, bila kukatwa mshahara, na asirudishwe humo hata siku ambayo foleni ya malori ya mpakani imefika Mpemba.