Barua Iliyokwama: Kusoma Barua Pepe na Makundi ya Habari kwa Emacs katika Vituo vya Afya vya Pemba

Barua pepe ya kitabibu ina hatari moja ambayo karatasi haina. Karatasi iliyosahaulika mezani huonekana. Barua pepe iliyokwama ndani ya kompyuta haionekani, na aliyeiandika huenda nyumbani akiamini kwamba imefika. Tuseme tabibu wa Micheweni, kaskazini mwa Pemba, ameandika alasiri kuuliza majibu ya vipimo vya mtoto vilivyopelekwa Chake Chake. Mtandao umekatika wakati ule ule alipokuwa akituma. Alihamia kwa mgonjwa mwingine bila kutazama kioo. Siku mbili baadaye mama anarudi na mtoto wake, homa haijashuka, na kila upande unasubiri neno la mwenzake.

Somo hili linahusu njia moja ya kuishi na mtandao wa aina hiyo: kusoma na kuandika barua ndani ya programu ya kuhariri maandishi iitwayo Emacs, kwa kutumia sehemu yake iitwayo Gnus. Programu zote mbili ni za bure, na Gnus huja pamoja na Emacs. Si kila mhudumu anayeihitaji. Muuguzi anayepokea barua tatu kwa wiki atatosheka na simu yake. Inayofaidika ni meza ya kumbukumbu, maabara, au ofisi ya wilaya inayopokea majibu na tahadhari kila siku, yenye kompyuta moja ya zamani na mtu mmoja aliye tayari kujifunza kwa wiki mbili. Wiki hizo mbili ni ngumu, na haifai kumficha msomaji jambo hilo.

Sababu ya kwanza ya kuchagua maandishi matupu ni uzito. Barua ya maneno 300 ina herufi kama 2,000, yaani kilobaiti 2 hivi. Picha moja ya simu yenye megabaiti 3, ikiisha kugeuzwa ili isafiri ndani ya barua pepe, huongezeka kwa theluthi na kufikia megabaiti 4. Kwa uzito wa picha hiyo moja zingepita barua 2,000. Sababu ya pili ni kwamba Gnus iliundwa kwa ajili ya makundi ya habari, yaani mbao za majadiliano ambazo ujumbe wake hupitishwa kutoka seva hadi seva, na ikajifunza mapema kuchota kila kitu kwa mkupuo mmoja, kukata mawasiliano, kisha kumwacha msomaji asome kwa nafasi yake.

Fikra ya mkupuo si ngeni kwa tiba ya Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtandao wa HealthNet, ulioendeshwa na shirika la SatelLife la Boston lililoasisiwa na daktari wa moyo Bernard Lown, ulipeleka barua za kitabibu kwa setilaiti ndogo iliyozunguka karibu na dunia. Setilaiti ya HealthSat-2 ilirushwa Septemba 1993. Ilipita juu ya kituo mara chache kwa siku, ikapokea barua zilizokwisha kuandaliwa, ikaacha zilizokuwa zikisubiriwa, ikaenda zake. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizohudumiwa. Mwaka 1994 ilianzishwa ProMED, orodha ya barua za tahadhari ya milipuko ya maradhi. Tarehe 10 Februari 2003 orodha hiyo ilitoa barua fupi ya maandishi matupu iliyouliza habari za ugonjwa katika mji wa Guangzhou, China. Ugonjwa huo baadaye ulijulikana kuwa SARS. Barua yenye uzito mdogo kuliko picha ya harusi iliwatahadharisha madaktari wa dunia nzima.

Mpangilio wa kuanzia huandikwa katika faili liitwalo .gnus.el, ndani ya folda kuu ya mtumiaji. Majina ya seva hapa chini ni ya mfano tu. Ya kweli hutolewa na anayetunza barua za taasisi.

(setq user-mail-address "maabara@kituo.example")
(setq gnus-select-method '(nnimap "kituo"
  (nnimap-address "imap.kituo.example")
  (nnimap-server-port 993)
  (nnimap-stream ssl)))
(setq message-send-mail-function 'smtpmail-send-it
  smtpmail-smtp-server "smtp.kituo.example"
  smtpmail-smtp-service 587
  smtpmail-stream-type 'starttls)

Namba 993 ni ya mlango wa kupokelea barua kwa usiri; 587 ni ya mlango wa kutumia barua. Mlango wa 25, unaotajwa katika miongozo ya zamani, hufungwa na makampuni mengi ya intaneti, na aliyeufuata hubaki akipokea barua bila kuweza kutuma hata moja. Nenosiri haliandikwi katika faili hilo. Hukaa peke yake katika faili liitwalo .authinfo.gpg, lililofungwa kwa ufunguo, katika mstari mmoja kwa kila seva:

machine imap.kituo.example login maabara password nenosiri port 993

Seva ya kutumia barua nayo hupewa mstari wake, wenye namba 587. Wanaotumia Gmail wajue kwamba nenosiri lao la kawaida halikubaliwi tena na programu za namna hii. Huwabidi kuwasha uthibitisho wa hatua mbili na kuomba nenosiri maalumu la herufi 16. Google huonyesha herufi hizo kwa mafungu yenye nafasi katikati. Zikinakililiwa na nafasi zake, Emacs huchukua fungu la kwanza tu, na seva hukataa.

Baada ya hapo programu hufunguliwa kwa M-x gnus, yaani kubonyeza Alt pamoja na x, kisha kuandika gnus. Orodha ya makundi hutokea. Kila folda ya barua ni kundi. Ili seva ishughulikiwe hata mtandao usipokuwepo, hubonyezwa ^ kuona orodha ya seva, kishale huwekwa juu ya seva ya kituo, kisha J a. Hatua hii husahauliwa mara nyingi. Na hata ikikumbukwa, kuna nyingine iliyojificha nyuma yake: kwa kawaida Gnus huchota vichwa vya barua tu, si barua zenyewe, mpaka iambiwe vingine. Mpangilio uitwao gnus-agent-predicate hupewa thamani ya true ili barua zote zishuke, au short ili zishuke zile zisizofika mistari 100. Mhudumu asiyejua hili hubonyeza J s kuchota, huondoka akiwa na furaha, na mtandao unapokatika hukuta majina ya barua yamepangwa vizuri bila neno lolote ndani.

Sasa barua iliyokwama. Gnus ina hali mbili, ya kuunganishwa na ya kutounganishwa, na J j hubadilisha moja kuwa nyingine. Barua ikitumwa kwa C-c C-c katika hali ya kutounganishwa, huingia katika kundi liitwalo nndraft:queue, foleni ya kusubiri. Mtandao ukirudi, J j hurudisha hali ya kuunganishwa na J S huzitoa zilizo foleni. Asiyebonyeza J S asitarajie kwamba zitaondoka zenyewe. Hatari zaidi ni pale Gnus inapodhani imeunganishwa na kumbe mtandao umekufa. Kutuma hushindikana, ujumbe mfupi wa hitilafu hutokea chini ya kioo kwa muda mdogo, na barua hubaki wazi dirishani. Mwenye haraka hulifunga dirisha. Barua ile huweza kupatikana katika kundi jingine, nndraft:drafts, na huko D e huifungua tena na D s huituma. Basi kabla ya kuzima kompyuta jioni, makundi haya mawili hutazamwa, na yote mawili yawe matupu. Kama tabibu wa Micheweni angekuwa na desturi hiyo, angeigundua barua yake siku ile ile.

Tatizo la pili kwa kuleta hofu ni barua "zilizofutika". Mhudumu amesoma majibu ya maabara asubuhi. Adhuhuri anarudi, na kundi zima halipo. Hakuna kilichofutwa. Gnus huzitendea barua kama habari za gazeti: iliyokwisha kusomwa hufichwa, na kundi lisilo na jipya huondolewa machoni. Herufi kubwa L huonyesha makundi yote, na C-u ikifuatiwa na Enter hufungua kundi pamoja na barua zake za zamani. Barua isiyopaswa kufichwa hutiwa alama ya !, nayo itaendelea kuonekana mpaka alama iondolewe. Alama ya E ni kinyume chake: barua iliyotiwa E huruhusiwa kufutwa kabisa, kwa kawaida baada ya siku 7. Inafaa kwa matangazo ya semina. Katika kundi la majibu ya wagonjwa isiguswe kamwe, na kwa usalama kundi hilo lipewe muda wa never kupitia G c, ili hata kidole kikikosea, barua ibaki.

Makosa mengine huanzia nje ya programu. Tangu mwaka 2010 umeme wa Pemba hutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli. Hata hivyo umeme hukatika, na kompyuta kongwe yenye betri ndogo iliyokufa huamka na tarehe ya miaka mingi iliyopita. Emacs hapo husema kwamba cheti cha usalama cha seva hakijaanza kutumika, na huuliza kama iendelee. Jibu si ndiyo. Kwanza saa ya kompyuta itazamwe na kurekebishwa. Ikiwa tarehe ni sahihi na onyo bado lipo, apigiwe simu mtunza seva kabla ya nenosiri kupita.

Ikiwa mtandao ulikatika wakati Gnus inafunguka, huenda seva ikaandikwa "denied", na itabaki hivyo hata mtandao ukirudi. Wengi huwasha upya kompyuta nzima. Yatosha kubonyeza ^, kisha R kuondoa kataa hilo, na O kuifungua seva. Kosa likishindikana kueleweka, ukurasa uitwao *Messages* huweka yaliyosemwa chini ya kioo, na kuweka smtpmail-debug-info kuwa t huandika mazungumzo yote na seva ya kutumia barua. Maandishi hayo yasipelekwe kwa mtu yeyote kabla ya kusomwa mstari kwa mstari, maana huweza kubeba jina la mgonjwa au hata nenosiri.

Kuhusu makundi ya habari yenyewe, mlango uliobaki wazi na wenye faida ni seva ya news.gmane.io. Kazi ya Gmane ilianzishwa mwaka 2002 na Lars Magne Ingebrigtsen, mmoja wa waundaji wakuu wa Gnus, ili kuzifanya orodha za barua zisomeke kama makundi. Huongezwa katika mpangilio kama seva ya pili:

(setq gnus-secondary-select-methods '((nntp "news.gmane.io")))

Yaliyomo humo kwa wingi ni mambo ya programu za kompyuta, na hapo ndipo mtunza kompyuta wa kituo ataulizia tatizo asilolipatia jibu. Tahadhari za kitabibu zinazokuja kwa barua pepe huwekewa folda yake upande wa seva, na Gnus huzionyesha kama kundi lolote. Kundi la namna hiyo lipewe muda wa siku 30 ili lisijae.

Anayeandika katika kundi la wazi akumbuke kwamba maneno yake huhifadhiwa na kutafutika kwa miaka mingi. Kufuta jina la mgonjwa hakutoshi kisiwani. Mwanamke wa miaka 34, wa shehia iliyotajwa, mwenye ugonjwa adimu, aliyejifungua mwezi uliopita: nusu ya Wete itamjua kabla ya kufika mwisho wa sentensi. Shehia iondolewe, umri usemwe kwa makadirio, na ridhaa ya mgonjwa iombwe kwanza.

Wagonjwa nao wana sehemu yao. Anayeambiwa kwamba majibu yake yatakuja kwa barua pepe ana haki ya kuuliza barua ya kuyaomba ilitumwa siku gani na kama imejibiwa, na swali hilo si utovu wa adabu. Mhudumu atalijibu kwa haraka akijua kwamba Gnus, isipoamrishwa vingine, huhifadhi nakala za barua zilizotumwa katika kompyuta yenyewe, katika kundi linaloanza na sent na kufuatiwa na mwaka na mwezi. Nakala hizo hazipo kwenye seva. Kompyuta ikiharibika huondoka nayo, kwa hiyo folda ziitwazo Mail na News zinakiliwe kila wiki kwenye diski ya nje iliyofungwa kwa nenosiri na kuwekwa kabatini, pamoja na rejesta ya karatasi yenye tarehe ya kila ombi la kipimo na nafasi tupu ya tarehe ya jibu.